Kikao cha Dharura Darini

(Usiku wa Januari, juu ya dari ya nyumba moja mjini Leeds, Uingereza. Chini watu wanakula. Juu kuna kikao. Mwenyekiti ni Mzee Boriti, mbao kongwe iliyobeba dari yote. Ubavuni ana doa jeusi.)

BORITI: Ajenda ni moja tu: nani ananichoma?

TAA: Si mimi, Mzee. Nilitobolewa tundu kwenye jipsamu nikazamishwa humo, na balbu yangu ya halojeni, wati 50, volti 12. Tena kioo changu kina adabu: mwanga kinauelekeza chini kwa wageni, joto kinalipitisha nyuma.

BORITI: Nyuma ni wapi?

TAA: Kwenu. Lakini nilipofika palikuwa na hewa, joto likienda zake. Kisha akaja Bibi Sufi akanilalia.

SUFI: Sikuja kwa miguu yangu! Wataalamu wanapendekeza nitandazwe unene wa milimita 270 ili nyumba isipoteze joto. Aliyenitandaza alitumwa kutandaza, hakutumwa kuchungulia. Na mimi ni nyuzi za kioo, siwaki.

BORITI: Huwaki, Bibi, unapika. Joto likikosa pa kutokea hunigeukia mimi. Mbao ikipashwa hivyo miaka nenda miaka rudi hugeuka mkaa kidogo kidogo, na mkaa hauhitaji kubembelezwa ili ushike moto. Kikulacho ki nguoni mwako; changu kimenifunika blanketi kabisa.

TAA: Haiwezekani! Mimi nina cheti cha kustahimili moto, dakika 90!

PANYA: Nimekisoma nikikitafuna. Kinasema moto ukizuka sebuleni, mkanda wako utavimba uzibe tundu, moto usipande huku upesi. Huo ni moto wa chini kuja juu. Moto unaoutengeneza mwenyewe hautajwi hata kwa mstari mmoja. Ila kwenye kibandiko chako wameandika wazi: usifunikwe.

TAA: Kibandiko kiko upande gani?

PANYA: Upande uliofunikwa.

WAYA: Jamani, na mimi je? Nimezikwa ndani ya Bibi Sufi zaidi ya nusu mita. Kwa hesabu za mafundi umeme, waya wa namna hii hubeba nusu tu ya umeme wake wa kawaida. Nani aliyepiga hesabu hiyo? Ganda langu la plastiki halitakiwi kuzidi nyuzi 70.

BORITI: Fundi umeme alimaliza kazi yake akasifiwa. Fundi sufi naye alimaliza akasifiwa. Wawili hao hawajawahi hata kusalimiana.

SUFI: Basi nikateni, nimwachie Taa duara lake.

BORITI: Walifanya hivyo nyumba ya jirani. Dari ikawa chujio: joto la chumbani likapanda, mvuke wa bafuni ukalifuata, boriti zikalowa. Sitaki nipone kuungua nianze kuoza.

PANYA: Dawa ipo. Taa afunikwe kofia isiyoungua, inayomfaa, yenye nafasi ya hewa ndani, kisha Bibi Sufi alale juu ya kofia. Waya apandishwe juu ya Sufi. Na hiyo halojeni iondoke, ije LED ya wati 5.

TAA: Hao LED si ndio wasiojua joto?

PANYA: Wanalijua, wanalo mgongoni. Ukiwafunika gubigubi hufa mapema. Ndiyo maana kibandiko husomwa kabla ya kununua, siyo baada ya moto kuzimwa.

BORITI: Azimio limepita. Nani atawafikishia watu?

(Sauti ya mwenye nyumba kutoka chini: "Mbona bado kuna baridi humu? Kesho tuongeze sufi nyingine!")

WAYA: Na fundi umeme ataitwa?

PANYA: Aitwe wa nini? Hiyo si kazi ya umeme.