Sifa za Kitabu Kisicho na Maneno
Miongoni mwa vitabu visivyo vya kubuni, yaani vile vinavyoeleza mambo ya kweli badala ya hadithi za kutunga, hakuna kinachomheshimu msomaji kama kitabu cha kupaka rangi cha watu wazima, ambacho hakimsumbui hata kwa aya moja. Secret Garden, kazi ya mchoraji Johanna Basford wa Scotland, kilitoka mwaka 2013, kikauzwa kwa mamilioni, kikawapita kwa mbali wanahistoria wanaokesha na nyaraka miaka nenda miaka rudi ili kuthibitisha tarehe moja. Ubora wake hauhitaji ushahidi: hakina hoja ya kupingwa wala faharasa, ile orodha ya mada mwishoni mwa kitabu, na hakuna mhakiki awezaye kudai kwamba ukweli kuhusu jani umepotoshwa. Kazi ya kukijaza ameachiwa mnunuzi, naye huilipia kwa furaha, ilhali mama lishe akimwekea mteja unga mbichi na mwiko hatoki salama. Isitoshe, kampuni ya penseli ya Faber-Castell nchini Ujerumani ililazimika kuongeza zamu kiwandani, neema ambayo tasnifu za falsafa, pamoja na uzito wake wote, hazijawahi kuileta. Yale maneno “ya watu wazima” kwenye majalada mengi ni tahadhari ya busara, kwa kuwa mtoto akipewa kitabu hicho hukimaliza kabla ya chakula cha mchana, kisha akadai chenye hadithi.