Umaskini Wenye Muhuri

Kuwa maskini hakuna gharama. Kuthibitisha kwa maandishi kwamba wewe ni maskini ndiko kunakotaka fedha, nauli na ndugu wenye roho ngumu.

Nasema haya kama mjomba. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita na kupata daraja la kwanza kwenye HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, dada yangu alinipigia simu usiku: "Kaka, mtoto wako kafaulu." Alipovunja kioo cha daladala kwa mpira alikuwa mtoto wa baba yake. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwenye ukoo wetu mwalimu ndiye mtu mwenye mshahara. Hawajaiona slipu. Nilisomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2016 makato yamepanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, la sivyo ningekuja kukatwa hadi sanda. Kwa hiyo ada ya mpwa sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni uzoefu wa kukopa.

Majirani walianza kwa kutuletea habari za fedha za bure. Mmoja alisisitiza tuombe Chevening, Uingereza. Ni ufadhili mzuri kweli, ila ni wa shahada ya uzamili, na unataka mtu mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Uzoefu wa mpwa wangu ni kuuza vocha. Mwingine akataja Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Hiyo nayo ni ya vinara wa sayansi, na kijana wetu alikuwa kinara wa ngeli. Ukaja na ujumbe wa simu kwamba ameshachaguliwa kusoma Canada, atume tu pesa ya usajili kwenye namba hii, jina litatokea la mama fulani. Dada alishaanza kuwaaga majirani. Nikamwambia mfadhili anayemwomba maskini nauli ya kumletea msaada huyo si mfadhili. Alinuna hadi jioni.

Tukarudi kwenye mkopo, na mkopo ni fomu. Fomu zinajazwa kwa mtandao, na mtandao Mbagala uko kwenye steshenari yenye tangazo la manila mlangoni: TUNAJAZA FOMU ZA MKOPO, TUNASKANI, TUNAUZA BARAFU. Foleni ilifika kwenye mtaro. Kijana wa kompyuta alikuwa anapiga chapa kwa vidole viwili, haraka ajabu, hadi alipofika kwenye kazi ya mzazi. Bila kuinua macho akasema, "Mama hana kazi, si ndiyo?"

Dada yangu anakaanga samaki Rangi Tatu tangu mpwa huyu yuko mgongoni. Akatua beseni chini.

"Niandikwe sina kazi? Hawa watoto wamekula nini, upepo?"

"Mama, ukiandika mfanyabiashara mkopo unaweza kupungua."

"Upungue! Mimi ni mfanyabiashara." Akafungua pindo la khanga, akatoa kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha enzi za Magufuli, cha shilingi 20,000. Kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni na kimekunywa mafuta ya samaki miaka yote hiyo, mpaka jina lake ulisome kwa kukiinamisha kwenye mwanga. Muda wake ulishapita zamani. Alikishika kama hakimu anavyoshika nyundo.

Foleni ikagawanyika. Wanawake walikuwa upande wake. Mzee mmoja akashauri iandikwe mkulima, maana wakulima ndio wanaohurumiwa. "Nalima wapi, juu ya lami?" akajibiwa. Mwisho tukakubaliana "mchuuzi wa samaki", ambalo dada alilipokea kwa shingo upande, na alipokuwa anatoka alimuuzia yule kijana samaki wawili kwa bei ambayo mimi naijua siyo ya siku zote.

Ikaja zamu ya baba. Baba yake mpwa alikwenda Mererani kutafuta tanzanite, na kinachotoka huko mpaka sasa ni salamu. Mtu mmoja kwenye foleni, kwa nia njema kabisa, akasema tuandike amefariki, yatima hupewa kipaumbele. Nikamweleza kwamba cheti cha kifo lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwamba marehemu mwenyewe hupiga simu kila Idi kuomba nauli. Sijui nani alipeleka maneno. Usiku ule simu iliita.

"Shemeji, nasikia nimekufa."

"Hapana, shemeji, ni mambo ya fomu tu."

"Sawa. Lakini rambirambi nani kala?"

Ya majina nitayapita haraka, bado yananiuma. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani. Cha kidato cha nne kinasema Ramadhan, kwa sababu mahali fulani kwenye safari yake ya elimu kuna mwandikaji aliyeona i ya mwisho ni anasa. Wakili akatuandikia kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Kwa bei aliyotutoza, angetuongezea walau herufi mbili tatu za akiba.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye alitaka kutia saini fomu, ila muhuri ulikuwa kwa mtendaji, na mtendaji alikuwa msibani Mkuranga. Tulipompata, alinikagua kuanzia viatu. "Mwalimu, hata wewe umekuja kuandikisha umaskini?" Nikamwonyesha slipu. Akagonga muhuri bila neno la pili.

Shida kubwa ilikuwa mdhamini. Baba mdogo wa kijana wetu ana malori mawili na sauti ya kwanza katika kila kamati ya harusi. Alipoona neno "mdhamini" alirudisha kalamu. "Akitoroka, si watakamata lori?" Huyu ndiye aliyeahidi laki tano kwenye send-off ya binti wa jirani, akatoa, akapigiwa vigelegele. Nilifungua kundi la WhatsApp la kuchangia ada. Watu walitoa dua na vikaragosi vya mikono iliyoshikamana, kisha simu ikaanza kunitangazia walioondoka kwenye kundi, mmoja mmoja, kama abiria wanaoshuka kituoni kabla kondakta hajadai nauli. Sisi tunaoza kwa mamilioni na kusomesha kwa amina. Ikabidi nidhamini mimi, mdaiwa wa bodi, nimdhamini mdaiwa mtarajiwa wa bodi hiyo hiyo.

Majina yalitoka kwa awamu. Awamu ya kwanza hatukuwemo, na nyumbani hapakuliwa samaki. Awamu ya pili akawemo: chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku, hilo ndilo wanafunzi wanaloliita bumu, na ada sehemu tu. Sehemu iliyobaki inalipwa kila muhula na yule ambaye steshenari ilitaka kumwandika hana kazi.

Basi wewe mwenye mtoto sekondari, toa vyeti vyake leo uvisome herufi kwa herufi, kabla jina halijaingia kwenye cheti cha kidato cha nne. Na kama kwenu kuna baba mdogo mwenye malori, mfuateni kwenye harusi ijayo, wakati vigelegele bado vimo masikioni, mumwombe mbele ya watu aahidi saini.