Rafu za Paleti: Mambo Saba, Tuhesabu Kurudi Nyuma

Bosi, hongera kwa ghala jipya. Mizigo imelala chini hadi mlangoni, na huko juu, chini ya bati, kuna mita kadhaa unazozilipia kodi hazijabeba hata katoni. Unataka rafu. Kabla hujatoa shilingi, tuanze na jepesi.

7. Rangi. Boriti ziwe za rangi kali, dereva azione. Limeisha hilo, twende.

6. Paleti. Zipime. Kuna za milimita 1200 kwa 1000, na kuna za Ulaya za 1200 kwa 800. Boriti ya mita 2.7 hubeba tatu za Ulaya zikilazwa kwa upana wake. Zile nyingine, mbili tu. Iliyopasuka ubao ibaki chini. Ukiipandisha, itashuka bila kuitwa.

5. Foklifti. Ile ya kawaida inahitaji njia ya mita 3.5 hivi ili igeuke na mzigo. Inayonyoosha uma hutosheka na chini ya mita 3. Kwa njia ya mita 1.8 unahitaji mashine maalumu na sakafu iliyonyooka kwelikweli. Asiyejua kipimo cha kugeuka atajua bei ya nguzo.

4. Aina ya rafu. Hapa ndipo wauzaji wanapokuwa watamu. Watakuonyesha ile ambayo foklifti inaingia ndani kabisa, paleti zikapangwa moja nyuma ya nyingine. Inabeba sana, lakini ni Hiace iliyojaa: aliyekaa nyuma hashuki mpaka wa mbele wampishe. Kwa bidhaa moja ya shehena moja, inafaa sana. Kwa dawa au maziwa, ambapo kinachokaribia kuisha muda lazima kitangulie, utafungia hasara huko ndani. Kuna za mteremko wenye rola, unaingizia huku na kutolea kule. Nzuri, ila bei yake uisome umekaa. Wenye bidhaa mchanganyiko, ushauri wangu ni rafu ya kawaida, ile ambayo kila paleti unaifikia bila kugusa jirani yake.

3. Sakafu. Tupige hesabu pamoja. Ngazi nne za boriti, kila ngazi paleti mbili za tani moja: chumba kimoja cha rafu kina tani 8. Fremu ya katikati inapokea nusu kutoka kushoto na nusu kutoka kulia, jumla tani 8 tena, juu ya miguu miwili. Kila mguu tani 4, umesimama kwenye bamba la chuma dogo kuliko kiatu chako. Sasa mwite mhandisi aangalie zege. Muuzaji asiyeuliza habari za sakafu anauza chuma tu.

2. Kibao cha uzito. Kisipokuwepo, usipokee kazi. Na mpangilio ulioandikwa hapo usiuguse. Ukitoa boriti ya chini ili kuingiza mzigo mrefu, nguzo inabaki ndefu bila kushikwa, na uzito uleule iliouzoea unaweza kuikunja.

1. Vipuri. Mnamo Mei 2016, huko Shropshire, Uingereza, rafu za ghala la jibini ziliporomoka zikamfukia dereva wa foklifti kwa saa kadhaa. Alitolewa hai. Kwa hiyo nguzo ikigongwa, usiseme "kidogo tu." Weka juu yake rula ya chuma ya mita moja. Kwa kanuni ya Ulaya, EN 15635, mwanya ukizidi milimita 3 au 5, kutegemea upande uliopinda, hiyo ni njano. Ukizidi mara mbili ya hapo ni nyekundu, mzigo ushuke sasa hivi. Nguzo hainyooshwi kwa nyundo, hubadilishwa. Basi muulize muuzaji: moja ikigongwa mwakani, nitaipata baada ya siku ngapi? Akianza kumtaja fundi wa kuchomelea, mshukuru, funga daftari, nenda kwa mwingine.