Shairi Lililokwama Kwenye Lifti

Watu wa pwani tuna kauli moja ya kufungia kazi: tumwachie Mungu. Fundi akishatengeneza kabati lisilofunga mlango, humwachia Mungu. Mpishi akizidisha chumvi, naye humwachia Mungu. Hapa Flemingdon Park, mtaa wetu wa Toronto, kauli hiyo inasemwa kwa lugha nyingi, na jiji lenyewe limetupa sababu. Reli ya Eglinton, inayopita juu kidogo ya mtaa wetu, ilianza kujengwa mwaka 2011, tukaahidiwa kuipanda mwaka 2020. Mwaka 2020 ukaja, ukaondoka, sisi tukabaki tunatazama mashimo na kusema inshallah, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Mimi kauli hiyo hunihusu zaidi kwa sababu natunga mashairi. Malenga wa ughaibuni huagizwa shairi Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi, na malipo yake ni sahani ya pilau. Safari hii aliyeniagiza ni mama mmoja wa Mombasa anayekaa ghorofa za chini za jumba letu, aliyekuwa anamwoza bintiye.

"Mwanangu," akaniambia, "nataka shairi la kuwaliza watu. Akilia mkwe, nitafurahi zaidi."

Nikakaa jikoni na mizani yangu, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kila kina kikikaribia, king'ora cha moshi kinalia, maana katika jumba la watu wengi namna hii daima kuna mtu anayeunguza kitu. Wote tunashuka ngazi, makoti juu ya nguo za kulalia, tunawasubiri zimamoto watuthibitishie kuwa ni samaki, kisha tunapanda tena. Kina kimeshatoroka. Ubeti wa tatu niliutungia kwenye maegesho ya magari, theluji ikidondokea karatasi, na wino wa mstari mmoja ukaondoka na maji.

Jumamosi nikavaa kanzu na kofia ya viua, na juu yake koti la baridi linalonifanya nionekane kama godoro lililosimama. Nikaingia kwenye lifti. Ndani walikuwamo bibi wa Afghanistan na mfuko wa vitunguu, kijana wa Kifilipino na kapu la nguo chafu, na mama mwenye mtoto aliyeshika fimbo ya hoki. Kati ya ghorofa na ghorofa lifti ikakohoa, ikasimama. Tukabonyeza kengele, sauti ikatujulisha kwamba fundi yuko njiani, bila kutaja njia ipi.

Mtoto akaanza kulia. Mamake akambembeleza, wapi. Kijana akatoa simu amwonyeshe katuni, mtandao haumo. Bibi akamwimbia, mtoto akapandisha sauti ashindane naye. Mimi nilikuwa na shairi tu. Nikasafisha koo, nikaghani.

Tangu nianze kutunga sijapata hadhira makini kama ile. Hawakuwa na pa kwenda. Kufika ubeti wa pili bibi alikuwa ameyakamata mahadhi, ananipigia kofi kila kina kinapoanguka. Mtoto akanyamaza, akawa anagonga sakafu kwa fimbo yake, tena kwa mizani sahihi. Mstari ulioliwa na theluji niliuziba papo hapo, na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeelewa hata neno. Fundi alipofungua mlango, bibi alikuwa anafuta machozi. Huenda ni vitunguu.

Ukumbini nilikuta biriani imeshapakuliwa, na hakuna malenga aliyewahi kushindana na biriani akashinda. Kipaza sauti kilistahimili mistari miwili, betri ikafa. Mshereheshaji akaomba nipigiwe makofi, nikapigiwa yale ya kumshusha mtu jukwaani. Mama aliyeniagiza hakusikia kitu. Alikuwa jikoni anagombania sahani zilizopungua. Mkwe hakulia. Alikuwa anatafuna.

Usiku ule nilimkumbuka malenga Muyaka bin Haji. Alitunga Mombasa enzi za Mazrui, juu ya mambo ya siku ile: vita, mapenzi, ukata. Alifariki yapata mwaka 1840 bila kuacha diwani yoyote. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu na kwenye makaratasi, hadi miongo baadaye Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Kitabu kilitoka mwaka 1940, kikachapishwa Johannesburg, mji ambao Muyaka alipokufa ulikuwa bado haujaanzishwa.

Sasa mlinganishe na Raymond Moriyama, aliyesanifu Kituo cha Sayansi cha Ontario, hapa hapa kwetu Don Mills Road. Kilifunguliwa mwaka 1969, zege tupu, kimeteremka bondeni kwa madaha. Msanifu alifariki mwaka 2023. Juni 2024 serikali ya jimbo ikakifunga, ikasema vipande vya paa si salama. Basi maneno ya mdomoni yamevuka karne, na zege limewekewa kufuli. Ni mhasibu gani angeyakisia hayo?

Kwa hiyo nimeacha kupiga hesabu ya nani atasikia. Lakini yule fundi wa kabati asijifiche nyuma yangu. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Yeye kamwachia Mungu ngamia pamoja na kamba. Mizani na vina ni kazi ya mtunzi, na havina mtu mwingine wa kusingiziwa. Kuanzia hapo, shairi la kumliza mkwe linaweza kumnyamazisha mtoto wa jirani, na aliyelipangia hivyo hakuniomba ushauri.

Yule mama amenipigia tena. Kuna akika, ni Jumamosi, na leo ni Jumatano. Nimeshaanza kuhesabu mizani, na betri za kipaza sauti nimenunua mwenyewe. Lifti, hiyo siiwezi.