Ongeza Kidogo, Fundi

Kila sherehe ndogo yenye bendi ina mtaalamu wa sauti ambaye hakuna aliyemwajiri. Hukaa meza ya katikati, hajawahi kugusa mixa maishani, lakini maiki ikianza kukwaruza tu hunyanyua mkono na kutoa agizo: ongeza kidogo, fundi. Mwimbaji hasikiki? Ongeza. Kinanda kimemezwa na ngoma? Ongeza kinanda. Sasa ngoma ndizo hazisikiki? Nazo ziongezwe. Baada ya nusu saa kila kitu kimeongezwa, hakuna kinachoeleweka, na mluzi wa maiki umemwamsha mtoto aliyekuwa amejilalia zake chini ya meza ya zawadi. Ninavyoona mimi, agizo hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Katika shughuli ya watu mia au mia mbili, karibu kila tatizo la sauti huondoka kwa kusogeza kitu au kukipunguza, si kwa kukiongeza. Ila kusogeza kunataka muda kabla wageni hawajaingia, na muda ndio kitu pekee ambacho kamati ya sherehe haijawahi kukichangisha.

Hesabu yake haina huruma. Ukirudisha amplifaya ya wati 500 ukaleta ya wati 1000, nguvu imekuwa maradufu lakini sikio limepata desibeli 3 tu, kiasi ambacho mgeni anayepiga soga na jirani yake huenda asikigundue. Ili muziki usikike umekuwa mkubwa mara mbili, wati inabidi ziongezeke karibu mara 10, na hapo gari la kubebea vyombo litakula pesa kuliko bendi. Sasa utazame mdomo wa mwimbaji. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapopungua kwa nusu, sauti inayoingia hupanda kwa desibeli 6. Mwimbaji aliyekuwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki akisogea hadi sentimita 5 amepata desibeli 12, sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara 16. Wati 500 zimefanya kazi ya wati 8000, na hakuna aliyetumiwa kadi ya mchango. Hata hivyo kamati itakaa vikao vitatu kujadili spika za inchi 18, isitenge hata dakika moja ya kumwelekeza shangazi atakayetoa neno la shukrani kwamba maiki hushikwa karibu na mdomo, si usawa wa kitovu.

Umbali huohuo ndio unaowatesa wazee. Kwa desturi zetu mbele ni mahali pa heshima, kwa hiyo bibi, babu na wajomba hupangwa mstari wa kwanza. Spika nazo hutuliwa chini, pembeni mwa jukwaa, kimo cha kiti. Uwanjani chini ya turubai, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, sauti hushuka kwa desibeli 6 kila umbali kutoka kwenye spika unapokuwa maradufu. Bibi aliyeketi mita 1 kutoka kwenye spika na kijana aliyesimama mita 16 nyuma wanatofautiana kwa desibeli 24, maana yake nguvu inayomfikia bibi ni kama mara 250 ya ile inayomfikia kijana. Na kijana ndiye anayelalamika kwamba hasikii. Fundi akimtii, anayelipa ni bibi. Dawa ni stendi mbili: spika ipande juu ya vichwa vya watu, ielekezwe kwa waliokaa nyuma, na zile sauti kali zipite juu ya mtandio wa bibi bila kumgusa. Baada ya hapo alindwe mpambaji, maana huja mwishoni na kuivisha spika kitambaa kizito cha rangi ya sare, akaizungushia na maua ya plastiki. Spika hupendeza sana kwenye picha, ila sauti za juu, zinazobeba konsonanti, hubaki humo ndani, na risala ya familia hufika ukumbini imebaki irabu tupu.

Mluzi nao una ukoo wake. Mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen (1871–1957), aliuchunguza hadi ukaitwa kwa jina lake. Sauti hutoka kwenye spika, huingia tena kwenye maiki, hukuzwa, hutoka, huingia, na kila mzunguko hunenepa. Hakuna jini wala hasidi. Maiki za waimbaji, mathalani Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, zimeundwa zisikie mbele na kupuuza nyuma, na upuuzaji huo hutegemea matundu yaliyofichwa chini ya wavu wa kichwa chake. Emsii anayekikumbatia kichwa hicho kwa kiganja kizima, kama alivyoona wasanii wa hip hop wakifanya, ameyaziba. Sasa maiki inasikia pande zote, pamoja na spika. Kisha anateremka ukumbini kusalimia meza moja moja, anapita mbele ya spika, mluzi unalia. Anaitazama maiki kwa mshangao. Anaigonga kwa kidole, anaipuliza, halafu anamgeukia fundi kwa jicho la mtu aliyesalitiwa. Kumbe alichotakiwa kufanya ni kurudi nyuma ya mstari wa spika na kushusha mkono hadi kwenye mpini.

Ala zenyewe zina visa vyake, na taarabu inavijua vizuri. Siti binti Saad, ambaye santuri zake zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, alikuwa ameshapata jina Unguja kwa kuwaimbia watu waliokaa karibu naye, bila spika. Leo udi wa taarabu huketishwa kando ya kinanda cha umeme na kuambiwa ushindane. Udi ni sanduku tupu la mbao, na kazi ya sanduku tupu ni kutetemeka. Ukiwekwa mbele ya monita, ile spika inayowaelekea wapigaji, hutetemeshwa na sauti yake kabla mpigaji hajagusa uzi, na maiki iliyo mbele yake huukuza mtetemo huo hadi uwe mngurumo mzito. Kuongeza hapa ni kuchochea moto. Monita ielekezwe kwingine, maiki isogezwe karibu na udi, besi ipunguzwe kidogo, na zaidi ya yote kinanda kishushwe. Hilo la mwisho ndilo gumu kidiplomasia, kwa sababu mara nyingi mpiga kinanda ndiye mwenye vyombo.

Umeme tuupitie upesi. Mvumo unaosikika kabla wimbo haujaanza mara nyingi ni wa gridi yenyewe, ile ya mizunguko 50 kwa sekunde, ukijipenyeza pale mixa inapochukua umeme ukuta huu na amplifaya ukuta ule, au waya wa maiki unapolazwa sambamba na waya wa umeme. Ukiongeza sauti, mvumo nao unapanda. Vyombo vyote vikila umeme sehemu moja na nyaya za sauti zikapewa njia yao, mara nyingi hunyamaza. Sehemu hiyo moja isiwe ile aliyochomeka mpishi birika lake la umeme, kwani kati ya chai na bendi, kamati itachagua chai.

Wapo watakaosema: sherehe isiyosikika mtaa wa pili si sherehe. Hoja hii ina mizizi, kwani ngoma za wazee wetu zilisikika mbali. Lakini kinachosafiri mbali ni sauti nzito. Mtaa wa pili haupati wimbo, unapata besi, na wala haukuchangia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kumbi na matamasha wenye kikomo cha wastani wa desibeli 100, na ukitumia kiasi hicho kwa mpangilio mzuri watu watacheza mpaka viatu viwekwe kando. Wengine watasema vyombo vya kisasa vina kompyuta ndani inayozima mluzi yenyewe. Ni kweli, hukata ile noti inayolia. Ila maiki ikibaki mbele ya spika itazuka noti nyingine, nayo ikatwe, kisha nyingine, hadi mwimbaji asikike kama anapiga simu kutoka safarini. Wapo pia wanaodai kwamba kupima sauti ukumbi ukiwa mtupu ni kazi bure, kwa kuwa watu wakijaa mambo hubadilika. Hubadilika kwelikweli, ila kwa faida yetu: miili na nguo za wageni hunyonya sauti ambayo vigae na mabati yalikuwa yakiirudisha. Maiki iliyotulia katika ukumbi mtupu ina kila sababu ya kutulia ukijaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mafundi wenyewe ndio wachelewaji. Wapo, na wanajulikana. Lakini tazama ratiba wanayopewa: ukumbi umekodiwa kuanzia saa kumi, mpambaji anaingia saa kumi, keki inaingia saa kumi, na fundi naye anaambiwa saa kumi. Saa kumi na nusu anatambaa chini ya meza kuu na utepe wa gundi mdomoni akitafuta soketi, huku wageni wakimruka. Anayepewa nafasi ya namna hiyo atafanya lile linalofanyika kwa kidole kimoja, yaani kuongeza. Kwa hiyo bajeti ya sherehe ijayo iwe na mstari mmoja mpya, saa ya fundi, na ukumbi ukodiwe mapema kwa kiasi hicho. Bei yake haifiki ile ya spika mbili za ziada, na tofauti na spika za ziada, saa haimlazimu yeyote kutafuta pikapu ya kuirudisha ilikotoka usiku wa manane.