Namna ya Kula kwa Jirani Mwethiopia Ukiwa Nkoroi

Ukitoka Ongata Rongai kwa barabara ya Magadi kuelekea Kiserian, unapita Nkoroi. Hapa Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya wamezoeana hadi kwenye foleni ya bucha. Sasa tuseme mlango wa pili kwenye ploti yenu amehamia dada kutoka Addis Ababa, naye amekualika chakula. Fuata hatua hizi, maana nimesikia wageni wakichekwa kwa vyakula vyao, na jambo hilo huniuma.

Kwanza, afikianeni saa. Hapa hamtahitaji mkalimani. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likishachomoza ndiyo saa moja, na saa nane ni mchana mtu akiwa na njaa. Tarehe ndiyo itakayowachanganya. Mwaka wao una miezi 13, huo wa mwisho ukiwa na siku tano au sita tu, nao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Mwaka mpya wao kwa kawaida huangukia Septemba 11. Kwa hiyo taja siku ya wiki: sema Jumamosi, yatosha.

Pili, nawa mikono na usiombe kijiko. Utaandaliwa sinia moja ya injera, mkate mpana laini wa nafaka ya teff, na juu yake mchuzi wa kuku, dengu na mboga. Mega kipande, chota mchuzi, kula upande wako wa sinia. Injera ina uchachu kwa sababu unga wake huachwa uchachuke siku kadhaa. Kabla hujakunja uso, kumbuka kwamba wewe hununua mala dukani kila wiki, na kwamba mama Mmaasai huhifadhi maziwa yagande kwenye kibuyu alichokisafisha kwa kijinga cha mti wa oloirien. Ulimi wako unaujua uchachu tangu utotoni. Hapa umeukuta kwenye mkate.

Tatu, fungua kinywa. Mwenyeji ataviringisha tonge na kukulisha kwa mkono wake. Hiyo ni gursha, na tonge kubwa ni penzi kubwa. Usirudi nyuma. Mzee wa Kimaasai akimtemea mtoto mate kidogo, anambariki, na hakuna mzazi anayekimbilia kitambaa. Baraka za watu wengi hupitia mwilini: mkononi, mateni, kinywani.

Nne, ukiletewa kitfo, tulia. Ni nyama ya ng'ombe mbichi iliyosagwa, ikachanganywa na siagi yenye viungo na pilipili ya mitmita. Usiseme neno mpaka ukumbuke figo mbichi inayoliwa kwenye machinjo ya Kimaasai, na damu inayochanganywa na maziwa. Ukishindwa, omba lebleb, yaani iliyopashwa moto kidogo tu. Mwenyeji hataudhika, ombi hilo amelizoea.

Tano, usiage baada ya kikombe cha kwanza. Sisi Kenya twalima kahawa nzuri, kisha twanywa chai ya maziwa. Ethiopia, kahawa ilikoanzia, watu huinywa nyumbani kwao kwa utaratibu. Buni hukaangwa mbele yako, moshi wake ukaletwa puani uunuse, ikatwangwa na kuchemshwa kwenye jebena, birika la udongo. Vikombe ni vitatu: abol, tona na baraka. Ndiyo, baraka, neno lile lile letu. Ukiondoka kwenye cha pili umeiacha mezani.

Sita, rudisha mwaliko, lakini uliza kwanza. Ijumaa jioni ndiyo siku yako ya choma Kiserian, ila jirani akiwa Muorthodoksi, Jumatano na Ijumaa hali nyama, maziwa wala mayai, na mfungo wao mkubwa kabla ya Pasaka huchukua siku 55. Akiwa Mwislamu, uliza nyama imechinjwa na nani. Usimwonee huruma kwa miiko hiyo. Mmaasai wa jadi hachanganyi maziwa na nyama siku moja, na hakuna aliyewahi kumhesabu mwenye njaa.

Saba, siku yenyewe ikifika, weka ubao katikati: mbavu, ugali, kachumbari. Usimtafutie sahani ya pembeni wala uma wa wageni. Amekula nawe sinia moja, na leo ubao ni mmoja. Chagua kipande kinono, kitie chumvi, kisha umnyooshee kwa mkono wako. Atajua la kufanya.