Tajiri Aliyetafuta Shimo

Nyie, pesa ikizidi nayo ni mtihani. Kuna Mmarekani anaitwa Victor Vescovo, mtu wa Dallas, Texas. Kazi iliyompa ukwasi ni kununua makampuni, kuyanyoosha, kisha kuyauza kwa faida. Mwaka 2010 akapanda Everest mpaka juu. Hapo si angetulia ale maisha? Thubutu! Kilele kilipomchosha, akatafuta shimo.

Akaagiza nyambizi kwa kampuni ya Triton ya Florida: viti viwili, na watu wanakaa ndani ya tufe la titani lenye unene wa sentimita 9. Kuanzia Desemba 2018 hadi Agosti 2019 akawa amegusa sehemu ya chini kabisa ya kila bahari kuu, zote tano. Hata hii ya Hindi tunayojidai yetu. Aprili 2019 alizama kwenye Mfereji wa Java, zaidi ya mita 7,000, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika mtu. Na sisi huku tunagombania vibua!

Mwezi huohuo akaenda Challenger Deep, Pasifiki, karibu kilomita 11 chini. Peke yake. Kushuka tu kunakula kama saa nne za giza, na maji yanakukandamiza zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya huku juu. Unajua alikuta nini? Pamoja na viumbe wa huko, akaona kitu kilichotengenezwa na binadamu. Takataka! Yaani uchafu wetu ulishatangulia, tena bila nyambizi. Mtschew.

Mmoja hapa kijiweni akadakia: "Angetuchimbia visima basi!" Kaka, hela ni zake, na Texas hawakuahidi kutuchimbia kitu. Halafu tumtendee haki: hakwenda kupiga picha tu. Alibeba wanasayansi melini, wakapima sakafu ya bahari, na vipimo vikatolewa bure kwa mradi wa Seabed 2030 unaochora ramani ya chini ya bahari zote. Serikali ngapi zenye manowari zimefanya hivyo?

Ila kinachonifanya nimvulie kofia ni jambo dogo ambalo matajiri wengi hawalipendi: alikubali kukaguliwa. Nyambizi yake ilipimwa na kupewa cheti na DNV GL, wakaguzi wa vyombo vya majini, kwamba inaweza kwenda kina chochote, tena si mara moja. Sasa kumbuka nyambizi ya Titan, Juni 2023, ile iliyokuwa ikienda kuitazama Titanic. Mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, na wenyewe waliona ukaguzi wa namna hiyo unachelewesha ubunifu. Ikabondeka, watu watano wakafa. Mmoja wao, Hamish Harding, miaka miwili nyuma alikuwa ameshuka Challenger Deep na Vescovo huyuhuyu, akarudi salama.

Mwaka 2022 Vescovo akapaa hadi anga za juu, akamuuzia nyambizi na meli tajiri mwenzake, Gabe Newell. Msonyo wangu kwa matumizi yake uko palepale. Lakini kama ni kuchagua wa kuzama naye, nazama na huyu mwenye cheti.